Mzamo Mmoja Ni Upi?

Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Historia

Kila mmoja na aweke kalamu na daftari lake tayari, kwa maana leo tutafanya hesabu kidogo. Mwalimu akipata maharagwe au mbegu yoyote, na ahesabu 64, aziweke mezani. Tutazihitaji baadaye.

Somo la leo linatoka baharini. Fikirini mtu aliyebeba mtungi wa hewa mgongoni. Anazama, anakaa chini ya maji dakika 25. Kisha anatoka juu, anatazama mashua yake iko wapi, anasema na mwenzake kwa dakika 3. Halafu anazama tena, anakaa chini dakika 15. Jioni anafungua daftari lake ili aandike kazi ya siku. Je, aandike kwamba amezama mara moja au mara mbili?

Kila safari ya kwenda chini ya maji na kurudi tutaiita mzamo. Basi swali letu ni hili: mzamo mmoja unaisha wapi, na mwingine unaanza wapi?

Huenda mmoja wenu akasema, "Hilo nalo ni jambo la kufundishwa? Mtu aandike apendavyo." Ngojeni kwanza. Watu walihitaji zaidi ya miaka mia kulipatia swali hili jibu jema, na kabla ya kulipata, wengi walipooza miguu na wengine wakafa. Tufuate habari hiyo tangu mwanzo.

Hesabu ya nahodha

Kwa karne nyingi watu wa Ghuba ya Uajemi, katika nchi kama Bahrain na Kuwait, waliishi kwa kuzamia lulu. Kila mwaka, wakati wa joto, majahazi yalikwenda kwenye makundi ya chaza na kukaa huko muda wa miezi minne hivi. Mzamiaji hakuwa na mtungi wala bomba la hewa. Alibana pua kwa kibano, akaweka mguu juu ya jiwe zito lililofungwa kamba, akashuka nalo hadi chini. Huko alikusanya chaza upesi upesi na kuzitia katika kikapu chake. Pumzi ilipokaribia kwisha alitikisa kamba, na mwenzake aliyekaa jahazini akamvuta juu. Alipumzika kidogo, kisha akashuka tena. Kwa siku moja alikwenda chini na kurudi makumi ya mara.

Kazi hii inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa njia ya huzuni. Katika karne ya 19, na hata mwanzoni mwa karne ya 20, baadhi ya wazamiaji wale walikuwa watumwa, na wengine kati yao asili yao ni pwani yetu. Mtumwa alizama, na fungu lake la fedha likachukuliwa na bwana wake. Hata mzamiaji aliye huru mara nyingi alifungwa na deni. Nahodha alimkopesha fedha kabla ya msimu, naye akalipa kwa kuzama, mwaka hata mwaka. Hesabu ya deni ilikuwa katika daftari la nahodha, na mzamiaji wengi wao hawakujua kusoma. Katika miaka ya 1920 serikali ya Bahrain iliamuru kila mzamiaji awe na daftari lake mwenyewe la hesabu. Tazameni, ndugu zangu, jinsi daftari lilivyo na nguvu. Anayeandika ndiye anayejua.

Walakini jambo la kushika hapa ni hili. Kwa watu wa lulu, swali letu lilikuwa jepesi. Pumzi moja ni mzamo mmoja. Mtu ametoka majini, amevuta hewa, basi mzamo umekwisha. Nahodha hakuwa na haja ya kujua zaidi, kwa sababu alichotaka kuhesabu ni chaza.

Biashara ile ilianguka katika miaka ya 1930, lulu za kupandwa za Wajapani zilipojaa sokoni na dunia nzima ilipokuwa katika dhiki ya fedha. Lakini wakati huo njia nyingine ya kuzama ilikuwa imekwisha enea, nayo ilileta ugonjwa uliowashangaza waganga.

Ugonjwa wa wafanyakazi wa daraja

Katika miaka ya 1830 alitokea London fundi aliyeitwa Augustus Siebe. Yeye alitengeneza vazi la mzamiaji lenye kofia ya shaba. Hewa ilisukumwa kwa bomba kutoka juu. Sasa mtu aliweza kukaa chini, si kwa pumzi moja tu, bali kwa saa nzima au zaidi. Kadhalika wajenzi wa madaraja walianza kushusha masanduku makubwa hadi chini ya mto, wakayajaza hewa kwa nguvu ili maji yasiingie. Watu walichimba msingi wakiwa ndani yake.

Hapo ndipo balaa ilipoanza. Mfanyakazi alitoka chini akiwa mzima, akala chakula, akacheka na wenzake. Baada ya muda mfupi viungo vikamuuma, magoti yakakunjika, na wengine wakapooza. Huko St. Louis, Marekani, daraja lililomalizika mwaka 1874 liliua zaidi ya watu 10 kwa ugonjwa huo. Huko New York, Washington Roebling, aliyesimamia ujenzi wa daraja la Brooklyn, aliugua vibaya mwaka 1872. Mkewe, Emily, akawa mjumbe wake kwa mafundi mpaka daraja likafunguliwa mwaka 1883.

Tazameni jambo la ajabu. Hawakuumia walipokuwa chini. Waliumia baada ya kutoka. Kazi imekwisha, mtu yuko nchi kavu, lakini mwili wake unafanya kama kwamba bado haujatoka. Je, kulikuwa na nini?

Aliyetoa jibu ni Mfaransa Paul Bert, mwaka 1878. Hewa tunayovuta, sehemu nne katika kila tano, au pungufu kidogo tu, ni gesi iitwayo naitrojeni. Juu ya nchi gesi hiyo huingia mwilini na kutoka bila kutudhuru. Lakini mtu akishuka majini, maji humkandamiza. Akifika mita 10 mkandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na akifika mita 20 huwa mara tatu. Mkandamizo ukizidi, naitrojeni nyingi huyeyuka katika damu na nyama ya mwili, kama sukari ndani ya chai.

Sasa kumbukeni chupa ya soda. Kabla ya kufunguliwa huoni povu. Ukiifungua ghafula, mapovu yanafumuka. Gesi ilikuwamo muda wote, ila ilikuwa imekandamizwa. Mwili wa mzamiaji anayepanda haraka hufanya vivyo hivyo. Mapovu yakitokea katika viungo, huleta maumivu. Yakitokea katika uti wa mgongo, mtu hupooza. Basi Bert akashauri watu wapande polepole.

Haldane na vyombo vitano

Lakini polepole ni kiasi gani? Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilitaka kujua, likamwomba mtaalamu John Scott Haldane. Yeye na wenzake waliwatia mbuzi katika chumba cha chuma kilichojazwa hewa kwa nguvu, wakatazama ni nani atakayechechemea baada ya kutoka. Mwaka 1906 maofisa wawili wa jeshi lile walizama katika bahari ya Scotland hadi futi 210, yaani mita 64, wakarudi salama kwa kufuata hesabu zake. Mwaka 1908 majedwali yake yalichapishwa. Yalimwambia mzamiaji asimame wapi njiani anapopanda, na kwa dakika ngapi.

Haldane alifundisha jambo moja linalotuhusu sana leo. Alisema mwili haujai gesi wala hautoi gesi kwa mwendo mmoja. Aliuhesabu kama vyombo vitano. Chombo cha kwanza hutoa nusu ya gesi iliyozidi kwa dakika 5 tu. Cha mwisho huchukua dakika 75 kutoa nusu hiyo. Basi mtu aliyetoka majini dakika 10 zilizopita ni mkavu sehemu moja, na sehemu nyingine bado amelowa.

Mama aliyefua anaelewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Anapoanika nguo juani, kanga nyepesi hukauka mapema, na blanketi linakaa kutwa. Mvua ikinyesha tena kabla blanketi halijakauka, hawezi kusema, "Hii ni mvua ya pili, basi blanketi lilianza likiwa kavu." Maji ya mvua ya kwanza yamo bado.

Sasa rudini kwenye swali letu. Mzamiaji akitoka juu na kurudi chini upesi, gesi ya kwanza imo bado. Kwa macho yetu amezama mara mbili. Kwa mwili wake, hajatoka.

Amri ya dakika 10 na saa 12

Zamani za kofia ya shaba jambo hili halikuleta shida kubwa kila siku. Kulivaa vazi lile kulihitaji wasaidizi na muda mrefu. Mtu hakupanda na kushuka ovyo, na aliyekaa juu aliandika saa. Lakini mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza kifaa cha kupumulia kilichounganishwa na mtungi wa hewa mgongoni. Sasa mzamiaji akawa huru kama samaki. Aliweza kupanda, kutazama, kushuka, na kupanda tena, wala hapana mtu wa kumshika kamba. Hapo swali likawa kali: mara hizo zote zihesabiweje?

Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitoa majedwali mapya mwaka 1957, na ndani yake mlikuwa na jibu. Andikeni katika madaftari yenu.

Kwanza: mtu akirudi chini kabla ya dakika 10 kupita, huo ni mzamo ule ule. Dakika za chini zijumlishwe, na kina kihesabiwe kile kilichozidi.

Pili: akirudi baada ya dakika 10 lakini kabla ya saa 12, huo ni mzamo wa kurudia. Utaandikwa peke yake, lakini utabeba mzigo wa mzamo uliotangulia.

Tatu: akirudi baada ya saa 12, huo ni mzamo mpya kabisa.

Yule mtu wetu wa mwanzo alikaa juu dakika 3 tu. Basi kwa amri ile alizama mara moja, na dakika zake ni 25 na 15. Jumlisheni. Ni dakika 40.

Kwa nini saa 12? Hapa ndipo tunapotaka maharagwe yetu. Wataalamu wale walihesabu kwamba sehemu ya mwili iliyo nzito kuliko zote hutoa nusu ya gesi iliyozidi kila baada ya dakika 120, yaani saa 2. Tuseme maharagwe 64 ni gesi iliyobaki mwilini. Mwalimu, toa nusu. Saa 2 zimepita, yamebaki 32. Toa nusu tena. Saa 4, yamebaki 16. Saa 6, yamebaki 8. Saa 8, yamebaki 4. Saa 10, yamebaki 2. Saa 12, limebaki 1.

Mnaona? Harage moja bado lipo. Gesi haikwisha kabisa. Watu walikaa wakakubaliana kwamba harage moja katika 64 ni dogo, tuliache. Basi saa 12 si mpaka uliochorwa na bahari. Ni mpaka uliowekwa na watu, baada ya kupima hatari. Hata zile dakika 10 ni hivyo hivyo. Hakuna kengele inayolia mwilini dakika ya kumi ikifika.

Tutazame na mzamo wa kurudia. Mtu amekaa futi 60, yaani mita 18, kwa dakika 40. Ametoka, amepumzika juu saa 1, naye ataka kurudi kina kile kile. Jedwali la 1957 lilimwambia, "Hesabu kwamba umekwisha kaa chini dakika 36." Mwisho wa kukaa futi 60 bila kusimama njiani wakati wa kupanda ulikuwa dakika 60. Toeni 36 katika 60. Zimebaki 24. Saa nzima ya kupumzika, na karibu mzigo wote wa kwanza angali nao.

Ndugu wanafunzi, hesabu hizi nazitoa kwa ajili ya historia. Majedwali yale yalibadilishwa mwaka 2008, na mtu yeyote asizame kwa kufuata somo la redio. Atakaye kuzama na afundishwe na mwalimu wa kazi hiyo.

Wazamiaji wa Tuamotu

Je, wale wanaozama kwa pumzi moja wao wamesalimika? Wengi walidhani hivyo. Pumzi moja ni fupi, gesi inayoingia ni kidogo. Lakini katika visiwa vya Tuamotu, katika Bahari ya Pasifiki, wazamiaji wa chaza waliujua ugonjwa waliouita taravana. Mtu alitoka majini akiona kizunguzungu, au akapooza, au akafa. Mmarekani E. R. Cross aliandika habari zake mwaka 1965. Katika kisiwa cha Hikueru watu walishuka mita 30 na zaidi, mara 6 hadi 14 kwa saa moja, muda wa saa 6. Kwa siku moja, katika wazamiaji 235, watu 47 waliugua, na 2 wakafa. Lakini katika kisiwa cha Mangareva desturi ilikuwa kupumzika dakika 12 au zaidi kabla ya kurudi chini, na huko taravana haikujulikana.

Mwaka huo huo wa 1965 daktari wa Denmark, Paulev, alichapisha habari ya mwili wake mwenyewe. Alikuwa amezama kwa pumzi katika tangi la maji, karibu mara 60 kwa saa 5, kina cha mita 20 hivi, akaugua ugonjwa ule ule wa wafanyakazi wa daraja.

Basi hesabu ya nahodha, pumzi moja mzamo mmoja, ilifaa kwa chaza, haikufaa kwa mwili. Mizamo midogo mingi, bila mapumziko, ilijumlishwa na damu ikawa mzamo mmoja mrefu. Watu wa Mangareva hawakuwa na jedwali, lakini desturi yao ilikuwa na busara ya jedwali.

Daftari la leo

Siku hizi wazamiaji wengi huvaa mkononi kompyuta ndogo. Iliyojulikana sana kwanza ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1983. Nayo imefunzwa kuamua: mtu akikaa juu dakika kadhaa, kwa zingine 10, hufunga mzamo na kuanza mwingine. Akirudi kabla ya hapo, huendelea na ule ule. Lakini ndani yake huendelea kuhesabu gesi, hata mtu akiwa amelala juu ya mashua.

Vyama vya mafunzo navyo vina masharti yao. Chama kinaweza kusema kwamba mzamo wa mwanafunzi hauhesabiwi mpaka atimize, tuseme, dakika 20 chini ya maji na kina cha mita 5. Sharti hilo ni jema. Linazuia mtu kulowesha kichwa mara 50 na kujiita bingwa. Lakini linapima ujuzi, halipimi gesi. Mzamo usiohesabiwa kwa cheti huenda umeacha mzigo mwilini vile vile.

Katika pwani yetu pia jambo hili lina watu wake. Huko Unguja wapo wavuvi waliotumia mitungi ya hewa kutafuta majongoo bahari, ambayo huuzwa Asia. Alipwaye kwa wingi wa majongoo hushawishika kurudi chini upesi, kama yule wa lulu zamani. Mnunuzi anahesabu majongoo. Ni nani atakayehesabu dakika za mapumziko, kama mzamiaji mwenyewe hazihesabu?

Basi tulijibu swali letu. Mzamo mmoja ni upi? Kwa cheti, ni ule ambao chama kimekubali. Kwa mwili, mzamo haukwishi mpaka gesi iliyozidi imetoka. Kwa hiyo si neno kubwa kama mtu ataandika mmoja au miwili. Neno kubwa ni kuandika saa ya kuingia, kina, saa ya kutoka, na muda aliokaa juu kabla ya kurudi. Mwenye hayo manne, daktari ataweza kumsaidia akiugua, na mwenzake ataweza kumzuia asishuke. Aliyeandika idadi tu, hata ikiwa mia tano, ameandika sifa zake. Hakuandika habari zake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mzamiaji ni mwili wake.

Maneno ya kujifunza

Mzamo: safari moja ya kwenda chini ya maji na kurudi.
Mkandamizo: nguvu ya kitu kinachobana kitu kingine.
Chaza: mnyama wa baharini mwenye makombe mawili, ndani yake huweza kuwamo lulu.
Jedwali: hesabu zilizopangwa kwa safu ili mtu azione upesi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini wafanyakazi wa daraja waliugua baada ya kutoka, wala si walipokuwa chini?
2. Kwa amri ya 1957, mtu amekaa chini dakika 20, akapumzika dakika 8, akakaa chini tena dakika 10. Ni mizamo mingapi, na dakika ngapi kwa jumla?
3. Ukianza na maharagwe 32 badala ya 64, baada ya saa 6 yatabaki mangapi?
4. Katika kazi yako mwenyewe, ni hesabu gani inayoandikwa kwa faida ya mwingine, na ni ipi ungepaswa kuiandika wewe kwa faida yako?